Mama, Angalia Choo Mbele ya Kununua Dawa

Siku ya kupima watoto tunasikia maneno mengi kwenye benchi, mbele zamu yenu haijafika. Mumoja anasema: "Tumbo yangu inakoroga, inakoroga, tangu mvua ya mwaka jana." Mwingine anajibu: "Ya kwangu inajaa hewa sawa mupira, kisha ninakaa siku ine bila kwenda musalani." Wa tatu anatoa pakiti ya Flagyl katika kikapu na kuigawa kama karanga. Na wote watatu wanapatana ya kama ni minyoo ao ni amiba, sababu hapa Kolwezi kila ugonjwa wa tumbo tunauita kwa majina yale mawili.

Somo hili si juu ya kuhara kwa gafula, kule kunakomukausha mutoto kwa siku moja. Kwa ugonjwa ule munajua kazi: maji ya chumvi na sukari, maziwa ya mama, na kukimbia hospitali. Hapa tunataka kusema juu ya matumbo yanayosumbua muda murefu, mwezi kwa mwezi, pengine mwaka kwa mwaka. Magonjwa hayo marefu ni ya aina mbili, na mama anayejua kuzitenga ataokoa feza yake, na pengine uzima wa mutoto wake.

BARABARA NA MALORI

Matumbo ya mutu mukubwa ni bomba refu lililokunjwa. Utumbo mwembamba una mita 6 hivi, na utumbo munene mita 1 na nusu. Ukuta wake una misuli inayosukuma chakula, na mishipa ya fahamu mingi sana inayoamuru misuli ile ikaze ao ilegee.

Sasa mufikiri barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi. Kuna siku lami ni nzima, hakuna shimo hata moja, lakini malori ya madini yamesimama mustari murefu. Kisha gafula yote yanaondoka pamoja na kukimbia. Barabara haina kidonda, ni mwendo umeharibika. Matumbo nayo yanaweza kuwa hivyo. Daktari akiyatazama ndani anaona ni mazima, lakini yanasimama wakati yanapaswa kwenda, yanakimbia wakati yanapaswa kusimama, na yanakaza na kuuma. Huu tunauita ugonjwa wa mwendo wa matumbo.

Siku ingine ni lami yenyewe imepasuka. Hiyo ndiyo aina ya pili: ukuta wa matumbo umevimba, unawaka, una vidonda vinavyotoa damu na kamasi. Huu tunauita ugonjwa wa kuvimba matumbo.

Wa kwanza unachosha mutu, lakini hauui. Wa pili unaweza kuua pole pole. Na musijaribu kuitenga kwa maumivu peke yake, maana wa kwanza pengine unauma kupita wa pili. Ni choo kinachosema kweli. (Katika kitabu tunaandika choo, nyumbani tunasema mavi. Ni kitu kimoja, musione haya.)

DAKTARI ALIYEPIMA CHOO KWA KILO

Kuangalia choo si kazi ya chini. Uchunguzi mumoja mukubwa wa magonjwa ya matumbo ulianza hivyo, tena hapa kwetu Afrika, na macho yake yalikuwa hospitali za misioni kama hii.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, katika inchi ya Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini akawa daktari wa kupasua. Mwaka 1946 alifika Uganda, na muda murefu alifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanajua jina lake kwa kansa ya taya ya watoto, ambayo aliandika habari zake mwaka 1958. Alitaka kujua ni pahali gani kansa ile inapatikana na pahali gani haipatikani. Basi mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda motokari, wakasafiri kilometre 16,000 hivi, toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia hospitali kwa hospitali na kuuliza.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza, na huko akageukia matumbo. Hakuwa na mashini za ajabu, lakini alikuwa na anwani za watu. Kila mwezi aliandika kwa hospitali zaidi ya 100, sehemu kubwa za misioni katika vijiji, na maulizo mepesi: mwezi huu mumeona wagonjwa wangapi wa apendisiti? Wangapi wa kansa ya utumbo munene? Wangapi wa vinyama vya njia ya nyuma? Wauguzi walijaza karatasi chini ya taa, wakaituma. Majibu yakafanana: mara chache sana. Na kule Uingereza vitanda vilijaa wagonjwa wa namna ile ile.

Basi yeye na wenzake wawili, Walker wa Afrika ya Kusini na Painter wa Uingereza, wakauliza: watu hawa wanakula nini, na wanatoa nini? Wakawapa watu kumeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa picha ya radio, kisha wakakusanya choo chao katika mifuko, wakakipima, wakahesabu masaa. Mwaka 1972 walitangaza hesabu yao. Watu wa vijiji vya Uganda walitoa karibu gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilipita toka kinywani mpaka inje kwa masaa 36 hivi. Waingereza wa jeshi la bahari na wake zao walitoa gramu 104 hivi tu, na chakula kilikaa ndani yao masaa 83. Hesabu hiyo ninaiandika ubaoni kila mwaka. Wanafunzi wanacheka, kisha wanaacha kucheka na kuanza kuuliza juu yao wenyewe.

Burkitt hakuwa peke yake. Hugh Trowell, daktari aliyefika Kenya mwaka 1929 na kisha kufanya kazi Uganda, yule aliyechunguza sana kwashiorkor ambayo ninyi munaijua, naye alionyesha kitu kile kile: tofauti iko katika nyuzinyuzi za chakula. Nyuzinyuzi ni sehemu ya maharagi, ya majani, ya matunda na ya ngozi ya mahindi ambayo tumbo haliwezi kuyeyusha. Inanyonya maji, inafanya choo kuwa kikubwa na laini, na inalisha vijidudu vizuri vinavyokaa katika utumbo munene. Vijidudu vile navyo vinatengeneza vitu vinavyolinda ukuta wa matumbo usiwake.

Lakini tuseme ukweli wote. Madaktari wale walifikiri nyuzinyuzi ni jibu la karibu kila kitu, na miaka iliyofuata ilionyesha ya kama si hivyo. Tena, katika hospitali ya kijiji isiyo na mashini ya kutazama ndani, mutu mwenye choo cha damu aliandikwa "amiba" na mambo yakaisha. Kwa hiyo wengine wenye ugonjwa wa kuvimba matumbo walikuwako, lakini hawakuhesabiwa.

WAKATI WA KUBADILISHANA SAHANI

Nyuma ya Burkitt, wengine walitafuta namna ya kujaribu jambo lile kwa muda mufupi. Mwaka 2015 walitangaza uchunguzi wa watu 40: 20 ni Wamarekani weusi wa muji wa Pittsburgh, 20 ni watu wa vijiji vya Afrika ya Kusini. Kwa wiki mbili wakabadilishana vyakula. Wamarekani wakala chakula cha kijiji, nyuzinyuzi zao zikapanda toka gramu 14 hivi kwa siku mpaka 55. Watu wa kijiji wakala nyama na mafuta mengi ya Kimarekani. Madaktari walitazama utumbo munene mbele na nyuma. Katika wiki mbili tu, dalili za kuwaka zilipunguka kwa Wamarekani, na kwa Waafrika zikapanda. Wiki mbili!

Karibu nasi zaidi ni uchunguzi wa Moshi, chini ya mulima Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2025. Madaktari wa hospitali ya KCMC, ambayo ni hospitali ya makanisa, walifanya kazi na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Watu wa kijiji waliozoea ndizi, maharagi na mboga za majani walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, kama vile mukate mweupe, soseji na viazi vya kukaanga. Watu wa muji walipewa chakula cha kijiji. Kundi lingine lilikunywa mbege, ile ya ndizi iliyochachuka, kwa wiki moja. Damu ilipimwa. Waliohamia chakula cha kizungu, dalili za kuwaka katika damu zilipanda. Waliorudi kwa chakula cha wazee ao kunywa mbege, zilishuka, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki ine nyuma ya kumaliza. Wanawake hawakuwamo, jambo ambalo mimi mwalimu wa wauguzi ninalinungunikia, sababu ni wanawake wanaopika.

Musichukue habari ya mbege kama ruhusa ya pombe. Lutuku haimo katika hesabu hiyo. Lakini munkoyo isiyolevya, ile ya asubuhi, ni chakula kilichochachuka, na mutu asiizarau mbele ya chupa ya sukre. Maji yake tu yawe yamechemka.

NA SAHANI YA KOLWEZI?

Wazee wanakumbuka posho ya Union Minière: unga, maharagi, samaki, kwa kipimo. Kampuni ikawa ya serikali mwaka 1967, nyuma ikaitwa Gécamines, kisha mishahara ikakatika, na leo kila mama anajitafutia. Asubuhi mutoto anaenda masomo na vitumbula ao mukate mweupe na chai ya sukari. Baba anashuka katika shimo na mukate na sukre, sababu havihitaji moto. Jioni ni bukari ya unga mweupe kabisa, uliopembuliwa mpaka pumba zote zimeanguka, na kijiko cha mboga pembeni.

Sisemi muache bukari. Hakuna mutu wa Katanga atakayenisikia. Ninasema mugeuze vipimo katika sahani. Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri mutu mukubwa apate gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku ao zaidi, na mutoto wa miaka 2 mpaka 5 apate 15. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyoiva kinaleta 12 mpaka 15. Ongezea sombe, lengalenga ao matembele, kiazi kitamu, kipande cha papai, na umefika bila kununua kitu katika duka kubwa. Ukisagisha mahindi yako mwenyewe, usipembue pumba zote. Sombe itwangwe na ichemke muda murefu, na majani yote yaoshwe kwa maji mengi, maana mboga zetu zinakaa chini ya vumbi la migodi.

Jambo moja watu wanakosea. Wakisikia maneno haya, kesho yake wanakula maharagi sahani tatu, tumbo linajaa hewa usiku kucha, na asubuhi wanasema muuguzi ni mwongo. Anza na vijiko vitatu vine, ongeza kila wiki, kunywa maji. Na yule mwenye ugonjwa wa mwendo wa matumbo aende polepole zaidi. Pumba ngumu pengine zinamuongezea gasi na maumivu, wakati papai, dongodongo na kiazi kitamu vinapita bila ugomvi.

MWENDO UKIHARIBIKA

Ni nani mwenye ugonjwa wa mwendo wa matumbo? Madaktari wa ulimwengu wamepatana hivi: mutu anayeumwa na tumbo angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu, na maumivu yale yanafuatana na choo. Ao yanapoa ao yanazidi akitoka musalani, ao choo kinabadilika, mara kigumu kama mavi ya mbuzi, mara maji. Na hakuna damu, hakuna homa, mutu hakondi.

Ugonjwa huu si wa mama wa Kolwezi peke yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 uliuliza watu zaidi ya 73,000 katika inchi 33 juu ya magonjwa ya mwendo wa tumbo na matumbo ya kila namna. Walioulizwa kwa intaneti, watu 4 kwa 10 walikuwa nayo. Walioulizwa nyumba kwa nyumba, 2 kwa 10. Mimi ninafikiri wengine waliona haya kumwambia mugeni mulangoni.

Unatoka wapi? Mara nyingi unafuata kuhara kwa kweli. Mwaka 2000, katika muji mudogo wa Walkerton, inchi ya Kanada, mvua kubwa ilinyesha na vijidudu vikaingia katika kisima cha muji. Watu zaidi ya 2,000 waligonjwa, 7 walikufa. Madaktari hawakuwaacha wale waliopona, walirudi kuwauliza. Nyuma ya miaka miwili mitatu, katika wale walioharisha sana, zaidi ya mumoja kwa watatu alikuwa na ugonjwa wa mwendo wa matumbo, na katika wale wasioharisha, mumoja kwa kumi. Vijidudu vilikwisha kutoka zamani, lakini mishipa ya fahamu ya matumbo ilibaki na hasira, kama mubwa aliyepigwa anayebweka hata kwa rafiki. Ninyi munaochota maji kwa kisima wakati wa mvua, mumenisikia. Kuchemsha maji leo ni kulinda matumbo ya miaka inayokuja.

Wasiwasi nao unazidisha. Mama mumoja wa Manika alikuja na mufuko wenye pakiti tisa tupu za Flagyl. Choo chake kilipimwa siku tatu mbalimbali, hakuna amiba. Uzito wake haukushuka, damu yake ilikuwa nzuri. Tulipokaa naye tukasikia: alianza kwa kuhara kwa siku tano, na wakati ule ule bwana wake alianza kushuka katika mashimo ya Kasulo. Kila saa ya jioni, wakati bwana alipochelewa, tumbo likakaza. Basi, ni kusema ugonjwa uko katika kichwa tu? Hapana! Maumivu ni ya kweli. Kichwa na matumbo vimeungwa kwa mishipa, na habari zinapita njia zote mbili. Tulimwambia aache Flagyl, ale kwa saa zilizo sawa, apunguze sukre na mafuta, atembee, na arudi kila mwezi tumupime kilo. Maumivu hayakwisha yote. Lakini hofu ya kufa ilikwisha, na feza ya pakiti ikanunua maharagi.

Musidanganyike juu ya Flagyl. Ni dawa nzuri kwa amiba iliyoonekana. Kuimeza kila mwezi kwa kubahatisha ni kuua vijidudu vizuri na kuharibu mwendo zaidi.

MUTOTO ASIYETOA CHOO, NA LAVEMA

Hapa ninaomba muache kazi ya mikono kidogo, musikilize.

Mutoto muchanga anayenyonya tu maziwa ya mama, nyuma ya wiki sita za kwanza anaweza kukaa siku tatu, tano, hata wiki moja bila choo. Kama choo kinatoka laini, tumbo si gumu, ananyonya na anaongeza kilo, hana ugonjwa. Maziwa ya mama yanatumika karibu yote. Lakini nkambo anahesabu siku, anaona tatu, na anachukua kimpira cha lavema. Ndani anaweka maji na majani ao mizizi, pengine tangawizi, pengine hata pili-pili.

Ninaheshimu wakambo. Wametulea. Lakini ukuta wa utumbo wa mutoto ni mwembamba sana. Pili-pili inauchoma. Nusa ya kimpira inaweza kuutoboa, na choo kikaingia katika tumbo. Dawa ya mizizi inanyonywa moja kwa moja kuingia damu, bila kipimo, na figo za mutoto zinaacha kufanya mukojo. Na kimpira kile kimepita kwa watoto wangapi wa lupango bila kuchemshwa? Watoto wa namna hiyo wanafika hospitali usiku, tumbo limevimba kama ngoma, na mama hasemi neno juu ya lavema, sababu anaogopa kugombezwa. Semeni, wamama. Hatutawagombeza. Tukijua nini kiliingia, tunajua namna ya kusaidia.

Mutoto mukubwa kidogo, wa miaka mitatu mpaka kumi, ana tabia ingine. Siku moja choo kigumu kilimuumiza, ao musalani ya masomo ni chafu na haina mulango, basi anakaza. Choo kinakaa, kinakauka, kinakuwa kigumu zaidi, kinauma zaidi, naye anakaza zaidi. Pengine choo cha maji kinapita pembeni na kuchafua suruali, na mama anafikiri anaharisha! Anamupa dawa ya kufunga, na mambo yanazidi. Mutoto huyo usimupige. Kila siku nyuma ya chakula cha jioni, akalishe kwa chungu dakika tano, miguu yake ikanyage kitu. Maji, papai, maharagi. Ikipita wiki mbili bila mabadiliko, mulete. Iko dawa laini ya kinywa, na inabidi kumezwa miezi, si siku mbili.

Lakini mutoto aliyezaliwa sasa, ambaye masaa 48 yanapita bila kutoa choo chake cha kwanza, kile cheusi, huyo hangojei. Wala yule anayetapika maji ya kijani. Wala mutoto muchanga anayelia kwa vipindi, akikunja magoti, na kutoa kitu kama jamu nyekundu. Utumbo wake umeingia ndani ya utumbo mwingine. Huyo ni wa kupasuliwa ao kusaidiwa siku ile ile.

DAMU

Damu katika choo haina siku ya kungoja. Kwa sisi, mara nyingi ni kuhara damu kwa vijidudu, ao amiba, ao bilharzia kwa wale wanaooga katika mito na maziwa. Hizo zina dawa zake, kila moja yake, ndiyo maana sherti choo kipimwe. Kifua kikuu nacho kinaingia matumbo: mutu anakonda, ana homa ya jioni, tumbo linauma upande wa kuume chini. Tena inawezekana mutu akihoa nyumbani akamupa.

Zikikosekana hizo zote, na damu na kamasi zinaendelea wiki nyingi, usingizi unakatwa na choo usiku, viungo vinavimba, ndipo tunafikiri ugonjwa wa kuvimba matumbo wenyewe. Uko wa namna mbili. Wa vidonda vya utumbo munene ulipewa jina na daktari Wilks wa London mwaka 1859. Mwingine, unaoweza kushika pahali popote toka kinywani mpaka njia ya nyuma, unaitwa kwa jina la Crohn, daktari wa New York aliyeandika habari zake pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Hautoki kwa uchawi, wala mutu hamuambukizi mwenzake. Askari wa mwili wanapigana na nyumba yao wenyewe. Zamani tuliona ni ugonjwa wa wazungu, lakini sasa unaonekana katika miji ya Afrika pia. Hauponi kabisa, lakini kuna dawa zinazozima moto, na hospitali kubwa zina mashini yenye taa ya kutazama ndani.

Neno moja la haraka kwa wasichana wanaonunua dexamethasone ku soko ili wanenepe. Dawa ile inaficha moto bila kumuua adui. Kama ni amiba iko ndani, inaweza kutoboa utumbo wakati mutu anafurahi ya kuwa mashavu yamejaa.

NAMNA YA KULETA CHOO

Usimeze Flagyl ao antibiotiki ingine mbele ya kupimwa, maana inaficha vijidudu. Chukua chupa pana yenye kifuniko, iliyooshwa na kukauka kabisa. Choo kisiguse udongo, wala maji, wala mukojo. Unaweza kutandika plastiki safi juu ya chungu cha mutoto. Kwa kijiti chukua kadiri ya tunda la njugu mbili tatu, na kama unaona damu ao kamasi, chukua pale pale. Amiba hai inakufa upesi na haionekani tena, basi choo kifike labo kwa nusu saa, saa moja ni mwisho. Kama unakaa mbali, Kapata ao Luilu, ni vizuri kuja mwenyewe asubuhi na kukitoa hapa. Mara moja haitoshi kila wakati, pengine tutakuomba siku tatu. Usiifiche chupa chini ya mboga katika kikapu. Mupe muuguzi mukononi, na umwambie kilitoka saa ngapi.